Picha ya Siku ya 1,112

Alhamisi, 11 Juni

Mwanangu Kinyonga,

Salamu zitangulie, mzigo ufuate. Ndani ya bahasha hii kubwa utakuta picha thelathini za mwisho, kuanzia ya siku ya 1,085 hadi ya leo, ya 1,114. Ukizijumlisha na zile ulizonazo, huo ndio ushahidi wetu wote wa kuiambia Bodi, kabla haijatoa kibali cha ujenzi, kwamba kinamasi hiki si shimo la kufukiwa ili wenye maghala wapate pa kujenga.

Najua kanuni zangu umezisikia mpaka zimekuchosha, lakini wajumbe wa Bodi hawajazisikia. Zinakili mbele ya jalada kama zilivyo. Kila siku picha moja, ya kiumbe mmoja wa mwituni. Isipigwe zaidi ya hatua mia tano kutoka mlango wangu wa nyuma. Isifutwe hata ikitoka vibaya. Tarehe na saa viandikwe kwa mkono siku hiyo hiyo, kwa sababu kamera yangu kila nikiitoa betri hurudi mwaka iliotengenezwa, wala haioni haya. Miaka mitatu na ushei sasa, viumbe wa aina 214, mmoja wao fisimaji ambaye vitabu vilikwisha kumzika, vikisema huku hayupo tena.

Utaipenda ya 1,112, ya Jumanne tarehe 9. Mdiria amesimama juu ya bomba la kituo cha pampu, samaki yumo mdomoni. Watu hudhani ndege huyu humeza tu na kuondoka. Sivyo. Kwanza humpigapiga samaki kwenye kitu kigumu hadi alegee, kisha humgeuza kichwa kitangulie, ili mapezi yasimkwaruze kooni. Ni kazi ya subira. Nilimpiga picha saa nne asubuhi, kwa utulivu kabisa.

Mimi ni mzima. Kile chumba ulichonitayarishia huko kwako endelea kuanikia nguo.

Baba yako mkubwa


Jumatatu, 15 Juni

Baba Mkubwa shikamoo,

Picha zimefika. Nimekesha nazo siku mbili za mapumziko nikizipanga na kuzipiga gundi, na wenzangu wa maktaba wananiuliza kama nimefungua kiwanda cha mabahasha. Jalada limekwenda Bodi. Nakala ya picha arobaini, pamoja na ile ya mdiria, inabandikwa leo huko kwenu, kwenye ubao wa ofisi ya ardhi, ili wananchi watoe maoni kama sheria inavyotaka. Kikao ni Jumanne tarehe 30.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili si la utani. Wakili wa wenye maghala ameandika kwamba kumbukumbu zako ni burudani ya mzee mwalimu mstaafu, kwamba hakuna mashine iliyothibitisha tarehe hata moja, na kwamba mtu aweza kupiga picha mia kwa wiki moja akazigawa katika miaka. Mtu wa Bodi amenishauri pembeni: dawa yake ni kiapo. Nimekuambatishia hati. Inasema kila picha ilipigwa siku iliyoandikwa chini yake. Itie sahihi mbele ya wakili, uirudishe kabla ya tarehe 26.

Neno lako ndilo mhuri wetu. Hatuna mwingine.

Kinyonga

N.B. Mbona simu yako haipatikani?


Alhamisi, 18 Juni

Mwanangu,

Simu ninayo, ila masikio yangu na simu hayajapatana tangu zamani. Husikia nusu ya neno, nusu nyingine nikajitungia. Barua haina ubishi huo.

Hati ya kiapo nimeipokea. Sijairudisha kwa sababu wakili wa hapa amesafiri.

Kuna jambo limetokea. Wiki iliyopita, tarehe 9, nyaya za shaba za kituo cha pampu ziliibwa mchana kweupe, kati ya saa tatu na saa sita. Mlinzi wa pale unamkumbuka, yule tunayemwita Filimbi, apulizaye filimbi hata mbuzi akikaribia lango. Aliapa kwamba hakubanduka kitini na kwamba wezi waliingia kwa nyuma, kwenye matete. Wakubwa wake walikuwa karibu kumwamini. Kisha msimamizi wake akaenda ofisi ya ardhi kwa shughuli zake, akasimama mbele ya ubao wetu.

Nyuma ya mdiria, mwanangu, kunaonekana lango la kituo na kiti cha Filimbi. Kiti kitupu. Na chini ya picha mwandiko wangu: Jumanne, tarehe 9, saa nne.

Jana mpelelezi alikuja nyumbani na picha hiyo. Hakuuliza habari za ndege. Aliuliza kama tarehe ni sahihi, nikamjibu kwamba daftari langu ndilo linalosema. Akaandika, akashukuru, akaondoka. Filimbi yuko mahabusu, anashtakiwa kwamba alishirikiana na wezi. Kesi yake itasikilizwa Ijumaa tarehe 26.

Leo nimepiga picha ya kerengende. Imetoka na ukungu, lakini haifutwi.

Baba yako mkubwa


Ijumaa, 19 Juni

Kwa Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa barabara ya pampu, mke wa mlinzi. Nimekuja kwako mara mbili, nikabisha hodi. Mara ya pili niliona pazia linatikisika, nikaona nisikusumbue. Ndiyo maana naandika.

Mume wangu anasema Jumanne ile alikuwa kitini kutwa. Tena anasema wewe hukupita. Anakumbuka kwa sababu kila ukipita humtajia jina la kiumbe uliyempiga picha, naye jioni huja kunitajia nikiwa kwenye mashine. Imekuwa mchezo wetu. Jumanne alirudi hana jina. Nilimtania, nikamwambia leo Mwalimu amekunyima. Jumatatu yeye hupumzika, siku hiyo kiti hukaa chenyewe, kila mtu wa hapa anajua.

Sikuiti mwongo. Mimi nani hata nimwite mwongo mtu aliyemfundisha dada yangu mpaka akawa nesi mkoa mwingine? Nauliza tu, Mwalimu, kama yawezekana kalamu iliteleza.

Wakimkuta na hatia ni miaka. Na mimi nina watoto watatu na mashine moja.

Fundi


Jumapili, 21 Juni

Baba Mkubwa,

Nisamehe nikisema nimefurahi. Namhurumia Filimbi, na kama aliacha lango atajua mwenyewe alikuwa wapi. Lakini tazama upande wa pili. Polisi wamezichukua kumbukumbu zako kama ushahidi! Wakili wa maghala atasemaje sasa, kwamba zinatosha kumfunga mtu lakini hazitoshi kumlinda fisimaji? Nimeshamwandikia mtu wa Bodi, naye amesema hili peke yake laweza kutuvusha.

Kwa hiyo kiapo. Mawakili wa huko ni wanne, Baba Mkubwa. Wamesafiri wote?

Na jingine. Nesi jirani yako alinipigia jana kuuliza kama umepata nafuu. Nikamuuliza nafuu ya nini, akababaika, akasema labda amekuchanganya na mzee mwingine. Pale mtaani mzee mwingine ni nani, zaidi ya lile pikipiki lako bovu? Mficha maradhi… malizia mwenyewe, wewe ndiye mwalimu.

Kinyonga


Jumatano, 24 Juni

Mwanangu Kinyonga,

Nimeianza barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na maelezo mengi kuhusu mdiria.

Asubuhi ya tarehe 9 niliamka, nikaweka maji ya chai jikoni, na nilichokumbuka baadaye ni nesi ananipigapiga mashavu. Sukari ilikuwa imeshuka. Alinilaza, akanitundikia maji, akanikataza kuinuka. Nilimwomba asikwambie. Nilijua ungefika siku ya pili na gari la kubebea vitanda.

Jioni nikamtuma aniletee daftari. Mstari wa 1,112 ulikuwa mweupe. Kwa miaka mitatu sijawahi kuona mstari mweupe. Nilipiga picha siku niliyomzika mke wangu, yangeyange mweupe juu ya ukuta wa makaburi, na ukuta huo upo hatua mia nne na themanini kutoka mlangoni. Sasa sukari ndiyo inikatie mfululizo? Na jana yake, Jumatatu, nilikuwa nimepiga mbili, kenge na mdiria, ili nichague moja. Nikamwacha kenge Jumatatu, mdiria nikampa Jumanne. Ilinichukua dakika moja.

Kwa hiyo kiti kile ni cha Jumatatu, siku ya mapumziko ya Filimbi. Mkewe ameniandikia. Anauliza kama kalamu iliteleza. Darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kosa huja lenyewe, ila uongo hupikwa. Kalamu yangu haikuteleza.

Hapa ndipo nilipokwama. Nikisema kweli Ijumaa, wakili wa maghala atasikia, na Jumanne atawauliza wajumbe: kama moja ni ya uongo, zingine 1,100 mnazijuaje? Jalada lote litatupwa. Nikikaa kimya, kinamasi kinapona na Filimbi anafungwa. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu tangu Ijumaa iliyopita. Fundi alipobisha hodi nilikuwa nyuma ya pazia naitafuta.

Baba yako mkubwa


Alhamisi, 25 Juni

Baba Mkubwa,

Barua hii nimempa dereva wa gari la magazeti, nimemsihi akufikishie leo leo. Umezima simu kwa makusudi, nimekuelewa.

Sitakugombeza kwa kuanguka. Tutagombana baadaye, uso kwa uso, ukiwa umeketi.

Naomba siku nne tu. Kesho mahakamani hulazimiki kusema lolote. Wakikuita, sema hukumbuki. Umri wako unaruhusu, hakuna atakayeshangaa. Kesi itaahirishwa, kesi zote huahirishwa. Jumanne Bodi itaamua. Jumatano asubuhi nenda kwa hakimu ukamweleze yote, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni yako. Filimbi atatoka. Atakuwa amelala ndani siku tano zaidi, nami nitamwomba radhi kwa magoti. Ila kinamasi kikifukiwa hakifukuliwi. Fisimaji haombwi radhi.

Ni miaka mitatu ya maisha yako. Na kwangu ni Jumapili zote ambazo sikuolewa, kama mama anavyopenda kusema.

Nakuomba, Baba. Siku nne.

Kinyonga


Jumamosi, 27 Juni

Mwanangu,

Barua yako ilinifikia saa kumi na moja jioni. Niliisoma nimesimama. Hesabu yako ni sahihi, na ningekuwa bado nasahihisha madaftari ningekupa alama zote. Kuna kitu kimoja tu hukukiweka ndani yake. Zile siku nne ulizoziomba, ulipaswa kumwomba Filimbi. Ni zake.

Chumba cha mahakama ni kidogo, kina mabenchi sita na feni isiyozunguka. Fundi alikaa benchi la mbele na nguo ya mtu mapajani, anashona pindo kwa mkono, nadhani ili apate pa kutazama. Filimbi aliingia amekonda, hana mkanda. Wakili wa maghala alikuwa benchi la nyuma. Alinitikisia kichwa kwa heshima, maana mpaka hapo nilikuwa shahidi mzuri.

Nilipoitwa nilianza kueleza. Nilieleza kanuni, nikaeleza betri, nikaanza kueleza jinsi mwanga wa saa nne unavyoangukia bomba. Hakimu ni mama wa makamo, mpole. Aliniacha hadi nikapungukiwa na pumzi, ndipo akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, picha hii ulipiga siku gani?"

"Jumatatu."

"Hapa umeandika Jumanne."

"Niliandika uongo, Mheshimiwa."

Nyuma yangu karatasi moja iligeuzwa, na nilijua ni ya nani. Hakimu aliniuliza sababu. Nikasema niliumwa na sikutaka mstari ukae mtupu. Alinitazama kama anayetafuta sababu kubwa zaidi. Hakuipata kwa sababu haipo. Nesi alisimama akathibitisha kwamba Jumanne nzima nilikuwa kitandani. Mimi nimeonywa kwa maandishi, na hakimu alisema angeweza kufanya zaidi ya hapo. Filimbi ameachiwa.

Nje nilisimama mlangoni ili nimwambie neno. Alipita karibu nami kabisa, mkewe kamshika mkono. Hakunitukana. Alipita tu, kama mtu anayepita karibu na nguzo.

Hati ya kiapo nairudisha humu, haina sahihi. Na barua ya pili, iliyofungwa, ni ya Bodi. Nimewaandikia mwenyewe kwamba picha ya 1,112 iondolewe, na sababu yake. Sikutaka waisikie kwanza kutoka kwa wakili. Utaipeleka au utaichana, ni juu yako. Mimi nimeshaiandika.

Baba yako mkubwa


Jumatano, 1 Julai

Baba Mkubwa,

Niliipeleka.

Kikao kilichukua dakika arobaini. Wakili wa maghala hakuhitaji kupaza sauti. Alisoma maneno yako uliyomwambia hakimu, kisha akaketi. Mwenyekiti alisema wanakuheshimu kwa kujisema mwenyewe, lakini Bodi haiwezi kusimama juu ya kumbukumbu ambayo mwandishi wake amekiri kuichezea. Jalada limewekwa kando lote. Kibali kimetoka. Wataanza upande wa matete mwezi wa tisa. Upande wa bomba unabaki, kwa sababu kituo cha pampu kinauhitaji, si kwa sababu yetu.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Sasa na mimi nina la kusema, na nimechoka kulibeba. Tarehe 14, nilipokuwa napanga picha zako, niliweka kenge wa Jumatatu kando ya mdiria wa Jumanne. Katika zote mbili kuna jani la gugu maji linaelea chini ya bomba, limevunjika ncha, lina povu upande mmoja. Jani lile lile, mahali pale pale, povu lile lile. Jani linaloelea haliwezi kumngoja mpiga picha siku mbili. Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama pembeni mwa picha kabla ya katikati.

Nilijua, Baba Mkubwa. Sikujua habari ya kuumwa wala ya Filimbi, lakini nilijua tarehe ile si ya kweli. Kesho yake nikakuandikia barua ya kukutaka uape.

Nilikuwa nakusubiri wewe ndiye ukatae kuapa, ili mimi nisiseme nilichokiona na kosa liwe lako peke yako.

Kinyonga


Ijumaa, 10 Julai

Mwanangu Kinyonga,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nilitaka kukujibu kwa maelezo marefu juu ya jani, nikaona maelezo yangu ndiyo yametufikisha hapa. Kwa hiyo nasema kwa ufupi: uliona, ukanyamaza; niliandika, nikanyamaza. Hakuna wa kumwambia mwenzake kitu. Njoo Jumamosi. Chumba chako sitahamia, lakini tunaweza kukizungumzia bila kupigana. Nesi ananipima sukari kila asubuhi, na matokeo huandikwa katika daftari jingine, kwa mkono wake si wangu.

Upande wa matete wamekwisha kupanda vigingi vyekundu. Nimehesabu sabini na kimoja. Fisimaji nilimwona Jumatatu, akinusa kimoja kama mgeni anayesoma tangazo mlangoni. Sikuweza kumpiga picha, mikono ilikuwa mizito. Siku hiyo mstari umekaa mtupu. Nimeuacha.

Umeniuliza kwenye simu ya nesi kama najuta. Najuta dakika ile moja ya jioni ya tarehe 9. Ijumaa ya mahakamani siijutii, ingawa kila asubuhi nikifungua mlango wa nyuma na kuviona vile vigingi, hulazimika kuifikiria upya tangu mwanzo, na kila asubuhi hunichukua muda.

Filimbi amerudishiwa kiti chake. Wiki nzima nimepita mbele yake, natoa salamu, hajibu. Simlaumu. Jana nilipiga picha ya ndege kwarara akichimbua tope karibu na lango, nikaketi juu ya jiwe kuandika tarehe. Nilipomaliza nikainuka, nikampelekea daftari na kalamu, nikamwomba kama angekubali kutia sahihi chini ya mstari, kwamba ameniona nikipiga. Nikamwambia kwamba akikataa nitaelewa.

Alilipokea. Akasoma mstari mzima, kidole kikifuata kila neno, kama anayetafuta mwiba katika samaki. Kisha akatazama saa yake ya mkononi. Nilikuwa nimeandika saa tatu na nusu. Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: saa tatu na dakika ishirini na saba.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza, bila kuniangalia.

Nikamwambia. Akatia sahihi.

Baba yako mkubwa